Mashine inasema rangi ni ile ile, jua la asubuhi linakataa

Swali: Mimi ni fundi rangi hapa Mwanza, kazi hii nina mwaka wa kumi na moja. Mwezi uliopita nilipuliza mlango wa mbele wa gari la rangi ya fedha metaliki, msimbo 1F7. Duka lililonichanganyia rangi lilisoma gari kwa mashine inayosoma rangi kwa pembe tatu: digrii 15, 45 na 110. Nilipomaliza wakausoma na mlango, tofauti ikawa ndogo, ndani ya mipaka kwenye pembe zote. Pale gerejini tuliridhika, mwenye gari akaondoka. Kesho yake saa tatu asubuhi akanipigia simu kwamba mlango unameta kama umenyunyiziwa pambo, na gari lililobaki limetulia. Nilienda, nikaona kweli. Je, mashine ilidanganya? Na kuna chombo kinachopima huo mmeto, au ni jicho la mteja tu?

Jibu: Fundi, mteja wako ameona sawa, na mashine haikudanganya. Iliulizwa swali moja ikalijibu vizuri. Tatizo ni kwamba rangi ya metaliki ina maswali matatu, na hilo lilikuwa moja tu.

Chukua kilo ya mchele uliopembuliwa vizuri, punje nzima tupu. Chukua na kilo nyingine iliyochanganyika punje nene na chenga. Mizani itasema kilo, na kilo. Ila atakayeumwaga kwenye ungo atajua tofauti kabla hajaugusa. Mashine ya kusoma rangi ni mizani ya namna hiyo. Inamulika eneo la ukubwa wa sarafu, inakusanya mwanga wote unaorudi, inatoa wastani. Magamba ya alumini yaliyomo humo yawe ya wastani yote, au nusu makubwa na nusu madogo sana, wastani unaweza kuwa ule ule. Na delta E, ile namba ya tofauti ya rangi ambayo mashine inatoa, ni tofauti kati ya wastani na wastani.

Nimesema magamba, na ndivyo yalivyo. Ndani ya rangi ya fedha hakuna unga wa fedha. Kuna vipande bapa vya alumini, upana wake kwa kawaida kati ya maikromita 10 na 40, na unene chini ya maikromita moja. Vinaelea katika tabaka jembamba la rangi ambalo likikauka linabaki na unene wa maikromita 15 hivi. Angalia uwiano huo: gamba lenye upana wa maikromita 25 haliwezi kusimama wima ndani ya tabaka la 15. Tabaka linapokauka linasinyaa na kuyalaza magamba, kama majani makavu yanavyolala chini ya mwembe. Hayalali sawasawa yote. Moja limeinama digrii mbili, jingine tano, jingine limepanda juu ya mwenzake. Katika kutolingana huko ndimo mmeto wako ulimo. (Neno "magamba" si tamathali tupu. Rangi za kwanza za lulu zilitengenezwa Ulaya kwa kukamua fuwele zinazong'aa kutoka kwenye magamba ya samaki, karne nyingi kabla ya alumini na maika, yale madini yenye vipande bapa vinavyong'aa. Nyinyi wa Mwanza mnaujua mng'ao huo tangu utotoni.)

Sasa jicho. Jicho zuri, kwa umbali wa sentimita 60, linatenganisha vitu viwili vilivyoachana kama milimita 0.17. Gamba la maikromita 20 ni dogo kuliko hapo mara nane au tisa, kwa hiyo umbo lake huwezi kuliona hata ukikodoa macho. Lakini nyota nazo huzioni umbo, na bado unaziona. Unachokiona ni nukta ya mwanga, kwa sababu ni kali kuliko giza lililoizunguka. Gamba lililoinama pembe inayofaa linalirusha jua moja kwa moja hadi kwenye jicho lako, na linawaka. Jirani yake limelirusha kwingine, limezimika. Sogeza kichwa kidogo, lililowaka linazima na jingine linawaka. Tena macho yako mawili yameachana kama sentimita sita, kwa hiyo kila jicho lina nukta zake. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya rangi ya metaliki ionekane kama ina kina, na picha ya simu haikupi hisia hiyo hata kidogo.

Kwa hilo kutokea, chanzo cha mwanga lazima kiwe kidogo machoni. Jua, kwa ukubwa wake wote, kutoka huku duniani lina upana wa nusu digrii tu. Wingu likitanda, mwanga unatoka pande zote za mbingu. Kila gamba, lililoinama vyovyote, linapata kipande cha anga cha kukuakisia, na hakuna linaloshinda wenzake. Nukta zinapotea. Taa za mirija za gerejini nazo ni ndefu, na mara nyingi ziko nyingi. Zinakaribia tabia ya wingu kuliko tabia ya jua. Ndiyo maana jioni ile mliridhika wote. Hamkuwa wazembe, mlikuwa chini ya mwanga usio na uwezo wa kuwaonyesha kosa.

Jua la saa tatu asubuhi ndilo lililolifichua, na saa ina maana hapa. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana jua liko karibu utosini, linapiga boneti na paa moja kwa moja, lakini mlango linaupitia ubavuni. Asubuhi na alasiri jua liko chini, linaupiga mlango karibu usoni. Mlango ukikaguliwa saa sita tu, umekaguliwa nusu.

Lakini chini ya wingu uso wa rangi haubaki laini kama maziwa. Ukisogea karibu unaona madoadoa madogo sana, meusimeusi na meupemeupe, kama unga uliosagwa mara moja ukilinganisha na uliosagwa mara mbili. Hayawaki wala hayazimi ukitikisa kichwa. Yametulia pale pale. Yanatokana na jinsi magamba yalivyojikusanya hapa na kuachana pale, na kadiri yanavyokuwa makubwa ndivyo yanavyoonekana zaidi. Mimi nayaita chengachenga. Kwa hiyo mwonekano wa uso wa rangi una mambo mawili, mmeto wa juani na chengachenga za kivulini, na yote mawili yako nje ya rangi yenyewe. Watafiti wa kampuni ya rangi ya AkzoNobel kule Uholanzi, Eric Kirchner na wenzake, mwaka 2007 walichapisha kazi iliyoyatenganisha hivyo: waliwapa watu sampuli wazitathmini kwa macho chini ya mwanga wa aina mbili, kisha wakatafuta hesabu za kwenye picha zinazofuata kile ambacho watu wameona. Huo ndio mpangilio ninaouheshimu. Jicho ndilo lililotangulia, chombo kikafuata.

Ndiyo, chombo kipo. Kinachojulikana zaidi ni BYK-mac i cha Ujerumani. Kwa rangi, kinamulika kwa digrii 45 na kusoma kwa pembe sita: minus 15, 15, 25, 45, 75 na 110, zikihesabiwa kuanzia pale mwanga unaporudi kama kwenye kioo. Halafu ndani yake kuna kamera inayotazama uso kutoka juu, na taa tatu zinazowaka kwa zamu kwa digrii 15, 45 na 75. Kila taa inaigiza jua likiwa mahali tofauti. Programu inaitazama picha na kutafuta nukta zilizozidi mno mwanga wa uso uliozizunguka, kisha inatoa namba mbili: nukta hizo zimechukua eneo kiasi gani, na ni kali kiasi gani. Taa tatu kwa namba mbili, sita. Baada ya hapo uso unamulikwa kwa mwanga uliosambazwa, ule wa wingu, na inatoka namba moja ya chengachenga. Rangi isiyo na magamba kabisa inapata sifuri.

Kampuni ya X-Rite nayo ina vyombo vyake vyenye kamera. Angalizo moja tu, kwa sababu nimeona watu wakigombana bure: namba ya mmeto ya chombo cha kampuni hii hailinganishwi na ya kampuni ile. Rangi ina lugha ya pamoja tangu CIE, tume ya kimataifa ya mwanga na rangi, ilipoipitisha L*a*b*, namba tatu za kuitaja rangi yoyote, mwaka 1976. Mmeto haujapata lugha iliyokomaa kiasi hicho, ingawa taasisi za vipimo za Ulaya, Ujerumani, Ufaransa na Hispania miongoni mwao, zimekuwa zikiifanyia kazi, na CIE yenyewe iliunda kamati ya jambo hilo hilo. Kwa hiyo linganisha mlango na gari kwa chombo kimoja, siku moja, na basi.

Nimesema kamera inatafuta nukta zilizozidi uso uliozizunguka. Hapo pana jambo ambalo mafundi wengi hulijua mkononi bila kulipa jina. Gamba lile lile linameta zaidi ndani ya rangi nyeusi kuliko ndani ya fedha, kwa sababu nyuma yake ni giza. Nyota nazo mchana zipo, ila anga imezishinda. Ndiyo maana rangi nyeusi na nyekundu nzito ndizo zinazopewa magamba yenye mmeto mkali kama Xirallic, ya oksidi ya alumini, yaliyobuniwa na kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani. Tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 vilipoipiga Japani, kiwanda chao cha Onahama, mkoani Fukushima, kilisimama, na wakati ule ndicho kilikuwa chimbuko pekee la magamba hayo duniani. Ford na Chrysler ikabidi wapunguze oda za baadhi ya rangi, nyeusi na nyekundu zikiwamo. Uzalishaji ulirejea mwezi Mei. Magari yenyewe yalikuwepo. Kilichokosekana ni mmeto.

Turudi kwenye mlango wako. Kuna washukiwa wawili: fomula ya rangi, na bunduki yako ya kupulizia.

Bunduki ina nguvu kubwa. Ukipuliza rangi ikiwa majimaji sana, tabaka linabaki bichi muda mrefu, magamba yanaogelea na kugeuka, uso unaonekana mzito ukiutazama kwa mbele na mweupe ukiutazama kwa ubavu. Ukizidisha zaidi, magamba yanajikusanya kwa mabaka makubwa, yale tunayoyaita mawingu, ambayo huonekana mtu akirudi nyuma hatua tatu. Ukipuliza kavukavu, kwa upepo mwingi, mbali, na thina inayokauka haraka, mambo yanageuka: mbele panang'aa, ubavuni panakuwa peusi. Joto la mchana nalo linasukuma upande huo huo wa ukavu. Kiwandani rangi hupulizwa kwa vikombe vidogo vinavyozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, pamoja na umeme tuli. Bunduki ya mkononi haiwezi kuyapanga magamba vile vile, hata mikononi mwa fundi bora.

Lakini kosa la bunduki huacha alama kwenye rangi. Magamba yakilala vibaya, namba za digrii 15 na 110 zinaachana: moja inapanda, nyingine inashuka. Wewe umeniambia pembe zote tatu zilikuwa ndani ya mipaka. Hiyo ni hati njema ya mkono wako, na inanifanya niegemee fomula.

Nadhani kilichotokea ni hiki. Programu ya duka ilitafuta mchanganyiko wa kuzifikia zile namba tatu. Gari lako lilitoka kiwandani na alumini ya ukubwa wa wastani. Programu, kwa kuwa haikupewa taarifa yoyote ya mmeto, iliona njia nyingine ya kufika pale pale: alumini nene kiasi, yaani ya magamba makubwa, na alumini laini kiasi, ya magamba madogo. Nene inang'aa mbele na kuacha ubavu mweusi. Laini, kwa wingi wa kingo zake zinazotawanya mwanga, inatia weupe ubavuni na kupunguza ukali wa mbele. Ukizichanganya, wastani unatoka sawa na wa alumini ya kati. Ni kilo ile ile ya mchele. Lakini yale machache makubwa yapo, na jua likifika yanawaka moja moja. Inawezekana pia aina ya gamba imebadilika, si ukubwa tu. Kuna alumini yenye kingo zilizochanika na uso wenye mikunjo, na kuna ile ya mviringo, laini kama sarafu, ambayo kwa ukubwa ule ule inaakisi kwa ukali zaidi.

Kabla ya kugusa msasa, hakikisha. Ngoja siku ya mawingu, au lipeleke gari kwenye kivuli kipana cha jengo, nje, si ndani ya gereji. Osha na ung'arishe bawa la mbele (kile kipande cha juu ya tairi), mlango wako, na mlango wa nyuma, kwa sababu uchafu na mikwaruzo ya klia ya zamani, lile tabaka angavu la juu, huufifisha mmeto na kukudanganya. Simama umbali wa mkono. Linganisha chengachenga. Usirudi nyuma mita tatu, huko jicho limeshazimeza.

Kisha subiri jioni iingie, uwashe tochi ya simu. Ile taa ni ndogo na kali, ni jua la mfukoni. Tazama uso kwa kuuelekea moja kwa moja, tochi ikiwa pembeni, na uisogeze taratibu kutoka karibu na kichwa chako hadi iwe inaupitia mlango ubavuni. Ukifanya hivyo umefanya kwa mkono kile ambacho zile taa tatu zinafanya ndani ya chombo. Chunguza mambo mawili: nukta ni nyingi kuliko za bawa, au ni chache lakini kali zaidi? Nyingi na kali, huku chengachenga nazo zimezidi, ni alumini nene kupita kiasi. Chache na kali, huku chengachenga za kivulini zinakaribiana, ni ule mchanganyiko wa nene na laini, au aina nyingine ya gamba. Usitegemee picha. Simu inajirekebishia mwanga yenyewe, na ukipiga vipande viwili kwa picha mbili umelinganisha kamera, hujalinganisha rangi.

Ukirudi dukani, waombe karatasi ya fomula yako na uwaulize fomula nyingine za msimbo huo. Kwa misimbo inayotembea sana kama huu, watengenezaji wa rangi huwa na matoleo kadhaa, kwa sababu msimbo mmoja unapulizwa viwanda tofauti na miaka tofauti. Tafuta lile lenye alumini ya kati kama gamba kuu. Pulizia kadi ya majaribio kwa bunduki, upepo na thina utakayotumia kweli, uipige klia, uiache ikauke. Usihukumu kadi isiyo na klia, mmeto wake si huo. Tazama kadi kwa tochi ukiwa umeishikiza kwenye bawa. Kadi tatu zinakula saa moja na rangi kidogo. Mlango unakula siku nzima.

Muulize pia mchanganyaji kuhusu makopo. Alumini huzama, na iliyo nene huzama kwanza. Kopo ambalo halijakorogwa tangu juzi linakupa laini juu na kubakiza nene chini, na mwenye kununua mwishoni anapewa zile nene zote. Hilo peke yake linaweza kuzaa mlango kama wako. Nimeshawahi kurudia boneti moja mara tatu nikibadilisha fomula, kumbe fomula haikuwa na kosa tangu mwanzo; kopo la alumini lilikuwa limekaa wiki bila kukorogwa. Na wakorogee kwa mkono au kwa mashine ya kopo, si kwa drili ya kasi. Drili inayakunja na kuyavunja magamba, na gamba lililovunjika halirudi.

Huenda sasa unajiuliza kama ni lazima mtu awe na chombo cha kamera. Kwa gereji yako, hapana. Bei yake haiendani na kazi ya mlango mmoja kwa siku. Kwa duka linalochanganyia mafundi wa mji mzima, nasema ndiyo, bila kusita, kwa sababu pale programu ikishapewa namba za mmeto na chengachenga inaacha kukuletea fomula za namna hii. Ukiwa nao karibu, waeleze ulichokiona. Duka linalojali kazi litapenda kujua.

Mlango itabidi urudie, samahani kukuambia. Klia ya juu haiondoi mmeto, na kung'arisha kutauongeza. Ukirudia, usiishie kwenye ukingo wa mlango. Blendi rangi, yaani ififishe taratibu, kidogo kuingia kwenye bawa na mlango wa nyuma, kisha klia vipande vyote vitatu kwa pamoja. Jicho hulinganisha vizuri zaidi mahali mstari ulipo, na ukiuondoa mstari unaliondolea mahali pa kulinganishia. Tofauti ndogo ya mmeto inayobaki inajisambaza. Gari likikauka, lala nalo usiku huo gerejini. Asubuhi litoe nje, ubavu wa mlango uelekee mashariki, na usimpigie mwenyewe simu kabla jua halijaufikia.